Gari la umeme si Probox: kulisafirisha kutoka Mombasa hadi bara

"Bosi, gari si zima? Basi niwekee dereva alilete." Simu ya namna hii hunifikia kila meli ya magari inapofunga gati Kilindini na wenye mali wakamaliza mambo ya ushuru. Kwa gari la petroli kama Probox au Fielder sina neno. Unatafuta dereva mwaminifu, unamtilia mafuta, analala Mtito Andei au halali kabisa, na asubuhi gari liko Nairobi. Biashara ya magari hapa Mombasa imejengwa juu ya zoea hilo. Ya kwenda Uganda ndiyo zaidi, maana magari huongozana hadi Malaba yakiendeshwa na vijana wanaolipwa kwa safari.

Gari la umeme halikubaliani na zoea hilo, wala na mengine ya yadi zetu: kulisukuma likigoma, kulivuta kwa kamba, kuliinua kwa foklifti, kumpa yeyote aliye karibu ufunguo alisogeze. Kazi yangu ni kupakia magari na kuyafikisha, na magari ya umeme ninayoyaona yameharibika njiani karibu yote yaliharibiwa na mikono iliyozoea injini.

Tuanze na huyo dereva wa kukodi. Chukua Nissan Leaf iliyotumika Japani, ile ya betri ya kilowati-saa 30, ambayo afya ya betri imeshuka hadi robo tatu. Imebaki na 22 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, inakula kama 15 au 16 kwa kila kilomita 100. Maana yake utapata kilomita 140, na Voi iko kama 150. Gari litazimika mahali fulani baada ya Maungu, katikati ya mapito ya tembo wa Tsavo, na dereva wako atakupigia simu kukuuliza afanye nini.

Ile ya kilowati-saa 40 itafika Voi, na ikiwa betri yake bado nzuri itakaribia Mtito Andei. Lakini kuna jambo ambalo watu hawalitii hesabuni: kutoka pwani hadi Nairobi ni mlima. Unaanza usawa wa bahari, unamalizia zaidi ya mita 1,600 juu. Kulipandisha gari la kilo 1,600 kimo hicho peke yake kunataka kilowati-saa 7, kabla hujahesabu upepo, matairi na kiyoyozi, na Mombasa nani anazima kiyoyozi? Ukirudi chini kuja pwani, sehemu ya umeme huo inarudi betrini gari linapojizuia mteremkoni. Ndiyo maana mtu wa Nairobi aliyekuja Diani na Leaf yake bila taabu atakuapia kwamba inawezekana. Muulize alivyorudi.

Vituo vya chaji vimeanza kujitokeza kando ya barabara kuu, sikatai. Tatizo ni kichwa cha kebo. Leaf ya Japani inataka CHAdeMO, magari mengi mapya yanayouzwa rasmi hapa yanataka CCS2, na yale yaliyotengenezwa kwa soko la Uchina yana GB/T. Kituo kinaweza kuwepo na umeme ukawepo, na bado usichaji. Inabaki soketi ya kawaida ya ukutani, ambayo kwa betri ile ndogo ni kama saa nane. Dereva anayelipwa kwa safari hatakaa saa nane mtaani Voi akingoja namba ipande kwenye dashibodi. Atatafuta lori limvute, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Kwenye Leaf, magurudumu ya mbele yameungana na mota moja kwa moja. Hakuna klachi, hakuna gia ya kuachanisha. Ukiburuta gari magurudumu ya mbele yakiwa chini, unaizungusha mota nayo inazalisha umeme ambao hakuna aliyeuitisha. Unaweza kuunguza vifaa vya thamani kubwa kuliko nauli ya safari nzima. Magari yenye mota mbele na nyuma ndiyo usiguse kabisa: magurudumu yote manne yawe juu. Brekidauni ya kuning'iniza pua, ile ya ndoano na mnyororo, mwambie arudi alikotoka.

Kwa hiyo linapakiwa. Una njia tatu. Keria ya magari mengi ndiyo nafuu, ila utangoja ijae. Flatbedi ya gari moja inaondoka siku unayotaka, na utalipia pia kurudi kwake mtupu. Kama gari lilikuja ndani ya kontena, linaweza kupanda reli ya SGR likiwa bado limefungwa na kutolewa bandari kavu ya Embakasi. Hiyo ni tulivu, lakini hakikisha mapema kwamba huko mwisho kuna watu wanaojua kulitoa.

Sasa kupakia kwenyewe, maana hapa ndipo pesa za watu zinapomwagika.

Gari limekaa wiki kadhaa melini, likakaa tena kwenye yadi likingoja karatasi. Betri kubwa ina asilimia 60 lakini gari limekufa, halifunguki mlango, haliwaki hata taa. Mwenye yadi anakwambia betri imekwisha, umeuziwa mkebe. Hapana. Kilichokufa ni ile betri ndogo ya volti 12, sawa na ya gari lolote, inayoamsha kompyuta za gari na kufunga swichi za umeme mkubwa. Ikilala hiyo, betri kubwa haiwezi kutoa hata tone. Isitoshe, kwenye Leaf kifungio cha gia ya P hufunguliwa kwa umeme huohuo, kwa hiyo gari halisukumiki.

Utaratibu si mgumu. Ndani ya rimoti kuna ufunguo mwembamba wa chuma. Unauchomoa, unafungua mlango wa dereva, unavuta waya wa boneti. Betri ndogo iko pale mbele. Unaunga kiamshio cha volti 12, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, na kwenye dashibodi kinatokea kijigari cha kijani chenye mishale. Hapo liko tayari. Usiliunge kwenye lori la volti 24, na usimruhusu fundi yeyote aguse kebo za rangi ya chungwa. Rangi hiyo imewekwa kwa makusudi: ndani yake kuna volti mia kadhaa.

Utingo wetu mmoja, kijana hodari wa Changamwe, mara ya kwanza alipolipandisha gari la umeme alikaa ndani akisubiri lingurume. Mwenzake nyuma ya ngazi anapigapiga bodi, "Haya twende, washa!" na gari tayari limewaka. Utulivu huo ni hatari ya kweli: aliye nyuma hasikii, na aliye ndani anakanyaga kidogo gari linaruka, kwa sababu mota inatoa nguvu yake yote tangu mwanzo. Kwenye ngazi ya keria una nafasi ya kiganja kila upande. Siku hizi sharti letu ni mtu mmoja kwenye usukani, mmoja mbele anayeonekana kwa macho, na wengine wote wakae mbali. Leaf za kuanzia mwishoni mwa 2017 zina swichi ya kuendesha kwa kanyagio moja. Tunaizima kabla ya kupanda, la sivyo ukiinua mguu katikati ya ngazi gari linajishika ghafla. Tesla wana hali maalumu ya kusafirishwa kwenye skrini yao, inayoachia breki ili gari livutwe kwa winchi. Mwenye gari atuoneshe ilipo kabla hajaondoka, asitwambie "mtaiona tu."

Tunafunga kwa mikanda juu ya matairi, manne yote. Hatutii mnyororo kwenye mikono ya chini ya gari, wala ndoano popote chini ya sakafu, kwa sababu sakafu hiyo yote ni betri. Mikanda hulegea mwanzoni mwa safari, matairi yakishakaa. Foleni ya mizani ya Mariakani ni mahali pazuri pa kushuka na kuikaza tena. Lori limesimama vilevile, na dereva asiyeshuka pale simpi gari la pili.

Na foklifti. Yadi nyingi hapa, gari likikataa kuwaka, mwenye foklifti anaingiza yale meno mawili chini ya tumbo na kulinyanyua. Kwa gari la petroli utakunja bomba la ekzosi, utagombana, mambo yatakwisha. Kwa la umeme umepeleka chuma kwenye kasha la betri. Linaweza lisionekane lolote siku hiyo, kisha seli iliyominywa ikaanza kupata joto baada ya siku kadhaa, gari likiwa juu ya lori au ndani ya gereji yako. Tukikuta kasha limebonyea au lina mkwaruzo mpya wa kina, hatupakii hadi likaguliwe. Mwenye gari hukasirika, na huwa naacha akasirike.

Moto ndio wasiwasi wa kila mtu, na habari za meli zimechangia. Mwaka 2023 meli ya Fremantle Highway iliungua karibu na pwani ya Uholanzi ikiwa na magari zaidi ya 3,700, karibu 500 yakiwa ya umeme, na dunia nzima ikayahukumu hayo. Ilipovutwa hadi bandarini, sitaha za chini zilikutwa na magari mazima, ya umeme yakiwemo. Betri nzima haijilipukii tu. Inayoogopwa ni iliyogongwa, iliyotobolewa au iliyokunywa maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian kule Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yaliwaka moto hata siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo ukinunua lililotumika ng'ambo, inua zulia utazame kama kuna alama za maji. Na ni kweli kwamba moto wa betri ukishaanza hauzimwi na kimtungi cha lori; kazi ya dereva ni kusimama, kuwaweka watu mbali na kuita zimamoto.

Chaji ya safari? Wengi hutuletea gari limejaa asilimia 100 wakidhani wanatusaidia. Mimi nataka kati ya 40 na 50. Inatosha kushuka, kupanda na kukufikisha nyumbani, na betri haikai imejaa kwenye jua la Miritini. Joto na chaji iliyojaa vikikutana ndivyo vinavyoizeesha, hasa Leaf hizi za vizazi viwili vya kwanza, ambazo betri zake hazina mfumo wa kuzipoza kwa maji. Zima alamu na kamera zinazokesha, na programu ya simu usiifungue kila nusu saa kutazama gari limefika wapi. Kila ukiliamsha unakula ile betri ndogo. Nipigie mimi.

Uzito nao. Probox ina kilo kama 1,100. BYD Atto 3 ni 1,750. Keria ya magari sita iliyozoea Probox, ukiibebesha Atto sita, umeongeza karibu tani nne. Mizani itasema, na chuma cha sitaha ya juu, ambacho mara nyingi kimechomelewa humuhumu nchini, kitasema kabla ya mizani. Mazito yanakaa chini.

Bima wateja huisoma mwisho, na wengine hawaisomi. Bima ya gari lako haina habari na ajali likiwa mgongoni mwa lori. Unachohitaji ni bima ya mzigo safarini ya msafirishaji, na swali la kumuuliza ni kiwango chake cha juu kwa lori zima. Kama ni shilingi milioni kumi na juu kuna magari sita ya milioni tatu au nne kila moja, hesabu mwenyewe mtagawana nini. Akisitasita kukuonesha hati, ondoka. Mwingine wa kuondoka kwake ni yule anayekutajia bei kabla ya kukuuliza ni gari gani, linawaka, lina chaji ngapi na uzito gani.

Kwa mizigo ya Kampala, Kigali na mbele, mambo ya bondi, yaani dhamana ya ushuru, na sili ya kielektroniki ni yaleyale. Ila hati ya shehena ieleze wazi kwamba gari ni la betri ya lithiamu. Tangu mwanzoni mwa 2026 kanuni za baharini zinataka litajwe kwa namba yake ya mizigo hatari, UN 3556.

Makabidhiano yafanyike mchana. Hapa Mombasa tunapiga picha pande zote, dashibodi ikionesha kilomita na asilimia ya chaji, na tunaandika kwenye fomu kebo ya kuchajia ipo butini au haipo. Kebo hiyo ndiyo inayopotea kuliko kitu kingine chochote, maana ni ya bei na inaingia kwenye mkoba. Likifika, kabla hujasaini, liwashe hadi kijigari cha kijani kitokee, linganisha asilimia na ya kwenye fomu, chomeka kebo uone inachaji, kisha piga magoti utazame chini ya sakafu kwa tochi. Ukiona mbonyeo ambao haumo kwenye picha zetu, andika palepale kwenye fomu ya dereva naye aweke sahihi, gari likiwa bado mbele yenu wote wawili.