Je, wajua kwa nini sampuli inachujwa kabla ya kuingia kwenye kolamu ya jeli?

Wengi wanaoanza kusafisha protini labu wanaichukulia kolamu ya jeli, yaani bomba la kutenganisha protini kwa ukubwa, kama chujio, kwamba kubwa zinakwama juu na ndogo zinapita, kwa hiyo akiambiwa achuje sampuli kwanza anauliza, si ndo kazi ya kolamu hiyo? Hapana, na mambo ni kinyume kabisa, zinazotangulia kutoka ni zile kubwa!

Njia yenyewe ilitangazwa na Porath na Flodin mwaka 1959 kule Uppsala, Uswidi. Kolamu imejaa punje za jeli na kila punje ina vitundu. Chukulia mtaa wa Kariakoo, maduka pande zote. Mtu wa miguu anaingia duka hili, anatoka, anaingia la pili, anachelewa. Mkokoteni hauenei mlangoni, unanyoosha tu na barabara hadi mwisho. Protini kubwa ndo mkokoteni, barabara ni nafasi kati ya punje, maduka ni vitundu. Hakuna anayezuiwa, wote wanafika, wanachopishana ni muda. Ndo maana kwenye kolamu ya mililita 24 yenye jeli ya aina ya Superdex 200, protini zilizoshikana mafungu makubwa ila bado zimeyeyuka zinatoka mwanzoni, kwenye mililita ya 8 hivi, na chumvi inakuja nyuma kabisa.

Sasa lete mzigo mpana kuliko barabara. Mashapo ya protini, mabaki ya seli, vumbi la kwenye bafa (maji yenye chumvi yanayosukuma protini ndani ya kolamu), vyote vinajazana kwenye kichujio kidogo cha juu na kwenye punje za mwanzo, presha inapanda, jeli inabonyea, mkondo unapita kasi upande mmoja na taratibu mwingine, vilele kwenye grafu ya protini zinazotoka vinatanuka na mtu anadhani protini yake ndo mbovu. Kwa hiyo zungusha sampuli kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa kama dakika 10 au ipitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.22, bafa nayo uichuje na uitoe hewa, maana bafa ya baridi inabeba hewa nyingi na ikipata joto inatoa mapovu ndani ya kolamu.

Kinachosahaulika sana ni etanoli. Kolamu inatunzwa kwenye etanoli ya asilimia 20 ili bakteria wasiote, lakini mchanganyiko huo unatiririka kwa shida kuliko maji, hasa kwenye baridi, ukiupeleka kwa kasi ileile ya bafa presha inaruka, punguza kasi nusu au zaidi. Na pitisha maji kwanza katikati, usitoke kwenye bafa yenye chumvi nyingi moja kwa moja kwenda etanoli, chumvi nyingine zinaganda humohumo.

Kolamu ikishaziba, jeli za aina ya Superdex mara nyingi husafishwa kwa sodiamu haidroksaidi ya molari 0.5, na wakati mwingine inasaidia, si kila mara. Kolamu za silika usizijaribie hiyo, alkali inazila.