Fomu ya Nyumba Inapokuuliza Kama Unataka "Malazi"

Mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyekaa miaka mingi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani, alinijia ofisini na fomu ya kuomba nyumba za umma. Fomu ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, jambo la kushukuru, ila penye ukurasa wa tatu palikuwa na swali hili: "Je, wewe au mtu wa familia yako anahitaji malazi ya kuridhisha?" Alikuwa ameweka alama kwenye "Hapana". Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtoto asiyeelewa. "Mwanangu, nimeshaomba nyumba. Nikiomba na malazi tena, si wataniona nina tamaa?"

Mama huyo magoti yake yameisha. Ngazi sita humchukua dakika kadhaa, na akifika juu hukaa chini kwanza ndipo aseme. Swali alilolijibu "Hapana" ndilo swali pekee katika fomu nzima lililoandikwa kwa ajili yake.

Kosa ni la mtafsiri aliyeshika kamusi bila kujua habari yenyewe. Neno la Kiingereza "accommodation" lina maana mbili: mahali pa kulala, na kumlegezea mtu utaratibu ili naye aweze kupita. Kwenye karatasi za Kiingereza utaliona kama "reasonable accommodation". Mimi husema marekebisho kwa ajili ya ulemavu, na kwa wazee nasema tu: kuna kanuni inayokuzuia kwa sababu ya mwili wako, basi waombe waibadilishe. Ukikutana na neno "malazi" kwenye fomu ya nyumba, simama hapo usome mara mbili.

Haki hii haitokani na huruma ya ofisa. Inatoka katika sheria tatu. Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji ya mwaka 1973 kinamfunga kila anayepokea fedha za serikali kuu. Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968 iliongezewa walemavu mwaka 1988. Ya tatu ni Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990. Mamlaka za nyumba, ambazo ni kama 3,300 nchi nzima, zinaendesha nyumba za umma kwa fedha za HUD, yaani wizara ya nyumba, kwa hiyo zote tatu zinazihusu. Na ulinzi huu hausubiri upewe ufunguo. Unaanza siku unapochukua fomu.

Kikwazo cha kwanza ninachokutana nacho hakiko kwenye sheria, kiko vinywani mwetu. Nikimuuliza mtu kama kuna mlemavu nyumbani, jibu ni hapana. "Mimi siko kilema, niko mugonjwa tu," aliniambia mzee mmoja anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zimekufa. Kwetu kilema ni aliyekatika mguu au asiyeona, na neno lenyewe watu hulisema kwa sauti ya chini. Sheria ya Marekani haiangalii hivyo. Inauliza kama una hali ya mwili au ya akili inayokuzuia kwa kiasi kikubwa kufanya mambo makuu ya maisha: kutembea, kuona, kusikia, kupumua, kujihudumia, kujifunza. Kisukari kilichoharibu miguu kinaweza kuingia humo. Pumu kali pia. Hata yule asiyelala usiku kwa yale aliyoyaona vitani, akisikia mlango umegongwa anajificha, huyo naye anaweza kuingia. Si lazima uwe unapokea hela za ulemavu za serikali.

Hapa niseme kitu kinachowachanganya hata wafanyakazi wenzangu. Fomu nyingi huuliza juu ya ulemavu mara mbili. Swali moja linataka kujua kama familia yenu ihesabiwe kuwa familia ya mlemavu, kwa ajili ya nafasi na hesabu ya kodi ya nyumba. Hapo tafsiri ya ulemavu ni finyu zaidi. Swali jingine ni hili la marekebisho. Unaweza kukosa la kwanza ukapata la pili.

Wapo pia wanaoficha kwa kuogopa kunyimwa. Hofu hiyo naielewa, maana wengine walishakaa miaka wakisubiri ndege huku faili la hospitali likirudishwa. Lakini mamlaka ya nyumba hairuhusiwi kukukataa kwa sababu wewe ni mgonjwa, wala kukuchimba uonyeshe ugonjwa wako ni mkali kiasi gani. Inaruhusiwa kuthibitisha mambo mawili tu: kwamba una ulemavu kwa maana ya sheria, na kwamba kile unachoomba kinahusiana na ulemavu huo. Kama ulemavu unaonekana kwa macho, mathalani umeingia kwa kiti cha magurudumu ukaomba nyumba isiyo na ngazi, hawana cha kuuliza zaidi.

Huo uhusiano ndio moyo wa ombi, na ndipo maombi mengi yanapofia. Watu huniletea barua ya daktari imeandikwa: "Mgonjwa wangu ana kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya mgongo." Barua ya namna hiyo imetoa siri zote za mgonjwa na haijasema kitu. Ofisa anaisoma, anajiuliza: sasa anataka nini? Linganisha na hii: "Kwa sababu ya hali yake ya kiafya, hawezi kupanda ngazi bila hatari ya kuanguka. Anahitaji nyumba ya usawa wa ardhi au jengo lenye lifti." Jina la ugonjwa halimo kabisa, na ombi limekamilika.

Jambo jingine dogo linalouma: madaktari wa hapa wana tabia ya kuandika kwamba kitu fulani "kitamfaa" mgonjwa. Kwao ni adabu ya uandishi. Ofisini, kinachofaa ni hiari, na hiari haimlazimishi mtu. Nenda kwa daktari ukiwa umeshamwandikia kwenye karatasi unachoomba na kwa nini, umuombe atumie neno "anahitaji" kama kweli ndivyo ilivyo. Usipokuwa na daktari anayekujua vizuri usikate tamaa. Mwongozo ambao HUD na Wizara ya Sheria waliutoa pamoja mwezi Mei 2004 unasema uthibitisho unaweza kutoka hata kwa mhudumu wa jamii, kikundi cha kusaidiana, au mtu mwingine wa kuaminika anayeijua hali yako. Mwongozo huohuo unasema ombi linaweza kutolewa kwa mdomo, linaweza kutolewa na ndugu kwa niaba yako, na hawawezi kulikataa eti kwa sababu hukutumia fomu yao. Hata hivyo mimi simruhusu mtu wangu kuomba kwa mdomo tu. Andika, weka tarehe, piga picha kwa simu. Ofisa aliyekuambia "sawa mama" leo, kesho amehama kazi.

Basi uombe nini? Wengi hufikiria nyumba yenyewe wakasahau njia ya kuifikia. Kama foleni ya ofisi inakushinda, omba usailiwe nyumbani au kwa simu. Kama huoni vizuri, omba fomu ya maandishi makubwa au mtu wa kukujazia. Kiziwi ana haki ya mkalimani wa lugha ya alama bila kulipa, na hapa familia zetu ziwe makini: lugha ya alama ya Marekani si ile ya Kenya wala ya Tanzania, kwa hiyo semeni mapema ni ipi mnayoijua, la sivyo ataletwa mkalimani mzuri sana mtakayeishia kutazamana naye.

Halafu kuna barua. Orodha ya kusubiri huweza kuchukua miaka, na katikati ya miaka hiyo huja barua moja inayokuuliza kama bado unataka nyumba, ikikupa siku chache za kujibu. Usipojibu, jina linafutwa. Kama hukujibu kwa sababu ulilazwa, au akili ilikuwa imekuzidi, au huoni, omba urudishwe pale ulipokuwa. Kwa upande wa vocha, zile za Section 8 zinazokusaidia kulipa kodi kwa mwenye nyumba binafsi, kanuni za HUD zinasema waziwazi kwamba aliyeshindwa kujibu kwa sababu ya ulemavu lazima arudishwe kwenye nafasi yake ya awali. Kwenye nyumba za umma unaomba jambo hilohilo kama marekebisho. Afadhali zaidi, omba tangu mwanzo kwamba kila barua nakala yake iende kwa mtu mwingine unayemwamini.

Swali ninaloulizwa kila wiki: je, marekebisho yananirusha mbele ya foleni? Kwa kawaida, hapana. Ila kuna jambo moja la kujua. Nyumba zilizojengwa maalumu kwa wenye viti vya magurudumu, au zenye vifaa vya wasiosikia na wasioona, zina mpangilio wake: ikibaki wazi, anapewa kwanza mpangaji wa ndani anayeihitaji, kisha mwombaji aliye kwenye orodha anayeihitaji, ndipo wengine. Kwa hiyo usipoandika kwamba unahitaji nyumba ya namna hiyo, inaweza kupita juu ya kichwa chako ikaenda kwa aliye nyuma yako aliyeandika.

Kuhusu ghorofa, nina kisa ambacho hata leo kinanikera. Baba mmoja mwenye mguu wa bandia aliomba nyumba ya chini. Baada ya muda mrefu akapewa nyumba iliyo "first floor". Akaikataa. Kwetu ghorofa ya kwanza ni ile uliyopanda ngazi kuifikia. Wamarekani huanza kuhesabu pale miguu inapokanyaga ardhi. Alikataa nyumba aliyoiomba mwenyewe, na mamlaka ile ilikuwa na kanuni ya kumshusha kwenye orodha anayekataa bila sababu. Tulimrudisha kwa barua ya kueleza, lakini ilichukua wiki saba za kwenda na kurudi. Siku hizi siandiki jina la ghorofa kabisa. Naandika: "mlango wake usiwe na ngazi hata moja kutoka barabarani."

Chumba cha ziada nacho huombwa sana, na huombwa vibaya. Kama una mashine kubwa za tiba zisizoingia chumbani, au hali yako hairuhusu kulala chumba kimoja na mtu, eleza hivyo. Kama unahitaji mtu wa kukaa nawe akuhudumie usiku na mchana, huyo ana jina lake kisheria, msaidizi wa kukaa ndani, na masharti yake si mchezo. Awe wa lazima kwa uangalizi wako. Asiwe mtu mwenye wajibu wa kisheria wa kukutunza kwa mali yake, kwa hiyo mume au mke ni vigumu kupita. Na awe asingekaa hapo kama si kazi hiyo. Ndugu hajakatazwa kwa udugu wake tu. Faida yake ni kwamba kipato chake hakihesabiwi kwenye kodi yako. Hasara yake familia huijua siku ya msiba: msaidizi hana haki ya kubaki na nyumba. Nimeona binti aliyemuuguza nyanya yake miaka minne akiambiwa atoke, na kisheria hapakuwa na pa kushika. Kabla hamjamwandika mtu kuwa msaidizi, kaeni kama familia muulizane kama si bora aandikwe kuwa mwanafamilia, kipato chake kihesabiwe, na haki zake ziwepo.

Vyuma vya kushikilia bafuni, njia ya mteremko mlangoni, taa ya kumwashia kiziwi mlango unapogongwa: nani analipa? Kwenye nyumba za umma ni mamlaka yenyewe, isipokuwa ionyeshe kwamba gharama ni mzigo usiobebeka kwake. Kwa mwenye nyumba binafsi asiyepokea fedha za serikali, lazima akuruhusu ila gharama kwa kawaida ni yako. Watu hubeba kanuni ya huku wakaipeleka kule, wakalipia wenyewe kitu ambacho hawakupaswa kulipia.

Wanaweza kukataa? Wanaweza, kama hakuna uhusiano na ulemavu, au ombi linawaletea mzigo mkubwa mno wa fedha na uendeshaji, au linageuza kazi yao kuwa kazi nyingine. Lakini hata hapo wanatakiwa wakae nawe mtafute njia nyingine. Sheria haitaji idadi ya siku za kujibu. Inataka wasicheleweshe bila sababu, na kunyamaza kwa muda mrefu kunaweza kuhesabiwa kuwa kukataa. Mimi hutuma ukumbusho baada ya siku kumi za kazi. Ukiambiwa hustahili nyumba, una haki ya kusikilizwa, na barua hutaja siku ya mwisho ya kuomba: itafute tarehe hiyo kabla hujavua viatu. Malalamiko kwa HUD chini ya Sheria ya Haki ya Makazi yana mwaka mmoja, chini ya kifungu cha 504 siku 180, na mahakamani miaka miwili. Nahesabu kwa ile fupi.

Yule mama wa Uvira tulimwandikia ombi lake upya, maana kuweka alama ya "Hapana" hakufungi mlango. Unaweza kuomba wakati wowote. Mistari minne, barua ya daktari ikiwa nyuma, na nakala ya kila barua ije kwa binti yake. Nilipomsomea kwa Kiswahili alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama tunaweza pia kuandika kwamba hapendi jirani mwenye mbwa. Nikamwambia hilo hapana. Bado yuko kwenye orodha.