Skwea haiwezi kunyoosha spindeli

Wengi wakishafunga spindeli mpya (mota inayozungusha kisu) kwenye mashine ndogo ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, huegemeza skwea kwenye gamba lake kuona kama imesimama wima juu ya meza, wakaona hakuna mwanga unaopenya, wakaanza kukata. Hapo ndipo kosa lilipo. Gamba halikati kitu. Kinachokata ni mhimili unaozungukia ndani ya beringi, na hakuna hakikisho kwamba uko sambamba na gamba.

Pima mhimili wenyewe. Chomoa umeme, funga mkono mwembamba kwenye koleti, kile kibanio kinachoshika kisu, na mwishoni mwake weka geji ya mshale (kipimo cha tofauti ndogo za kimo) inayogusa meza. Zungusha kwa mkono: soma kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Kwa kuwa geji inazunguka pamoja na spindeli, hata koleti ikiwa imepinda kidogo kipimo hakiharibiki. Meza ya mbao ina mawimbi, kwa hiyo tandika juu yake kioo kinene.

Tuseme vipimo vya pointi mbili zilizoachana milimita 200 vinatofautiana milimita 0.2, yaani spindeli imeinama. Kisu cha kusawazisha chenye kipenyo cha milimita 25 kitaacha ngazi ya takribani milimita 0.025 kila kinapopita. Ni ndogo, lakini ukipitisha kucha utaihisi.

Kurekebisha kushoto na kulia, legeza boliti uzungushe bati la kushikilia spindeli. Mbele na nyuma, ingiza vipande vya karatasi ya alumini nyuma ya bati hilo. Mimi hutumia ile ya jikoni. Kaza, kisha upime tena, maana kukaza nako husogeza. Ila usilibane gamba kupita kiasi, beringi zitaumia.