Mkono kushika sikio si kipimo cha darasa la kwanza

Huku Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, wazazi wengi bado humpima mtoto hivi: apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, ashike sikio la kushoto. Vidole vikifika, ameiva kwa shule. Visipofika, asubiri mwakani.

Desturi hii ilikuwa na maana zamani, tarehe za kuzaliwa zilipokuwa haziandikwi. Kichwa cha mtoto hukua haraka mwanzoni, mikono hufuata baadaye, na wengi huanza kulifikia sikio wakikaribia miaka sita au saba. Lakini hapo kinachopimwa ni mwili tu. Pacha wawili wanaweza kutofautiana, mmoja akafika, mwenzake akaishia juu ya nywele. Mtoto mwenye umbo dogo, au aliyedumaa, anapoteza mwaka mzima bure, na hilo linaniuma.

Kinachotakiwa ni umri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka darasa la kwanza kwenye miaka 6.

Kuhakiki ni rahisi: toa kadi ya kliniki, ile iliyokunjwakunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, usome tarehe ya kuzaliwa. Kisha nenda shule iliyo jirani umuulize mwalimu mkuu umri unaopokelewa na karatasi zinazohitajika. Nenda kabla mwaka haujaisha, maana masomo huanza Januari. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, ingawa sare na madaftari ni juu yako.