Je, wajua jiwe la ratili 4 lilipimaje gunia zima la pamba?

Ukipita kwenye masoko ya vitu vya kale kusini mwa Marekani, huenda ukakutana na ufito wa chuma wenye kutu, uliochongwa alama ndogondogo na kuning'inia kulabu tatu upande mmoja. Ukiwa na bahati, utakuwa bado na jiwe lake la chuma. Hiyo ndiyo mizani iliyotumika shambani enzi za kuchuma pamba kwa mkono. Anayeiona mara ya kwanza hushangaa: jiwe la ratili 4, yaani chini ya kilo 2, linawezaje kupima gunia linalomlemea mtu mzima?

Siri iko kwenye mahali ufito unaponing'inizwa. Kulabu moja hubeba ufito wote, na hapo ndipo penye egemeo. Gunia hutundikwa kwenye kulabu ya pili, karibu kabisa na egemeo, ilhali jiwe hutelezeshwa kwenye upande mrefu mpaka ufito utulie sawasawa. Tuseme gunia liko inchi 1 kutoka kwenye egemeo na jiwe liko inchi 20. Tukiacha kando uzito wa ufito wenyewe, jiwe la ratili 4 litakuwa limelingana na mzigo wa ratili 80. Ni wenzo tu, na Warumi wa kale walikuwa na mizani ya namna hiyohiyo.

Na kulabu ya tatu? Hapa ndipo mafundi walipoonyesha ujanja. Ukiugeuza ufito juu chini na kuuning'iniza kwa kulabu hiyo, egemeo linasogea karibu zaidi na gunia. Umbali ukipungua hadi nusu inchi, jiwe lilelile pale pale kwenye inchi 20 litapima ratili 160. Ndiyo maana alama zimechongwa pande mbili: upande mmoja wa mizigo myepesi, wa pili wa mizigo mizito.

Mizani hii ilifaa shambani kwa sababu haikuhitaji sakafu wala ardhi tambarare. Ilitundikwa popote: kwenye tawi, kwenye nguzo tatu zilizofungwa pamoja kileleni, au kwenye mti uliochomoza nyuma ya mkokoteni. Mchumaji alifika akiburuta gunia refu la turubai, likatundikwa, likasomwa, uzito wa gunia tupu ukatolewa, hesabu ikaandikwa. Kilichopimwa hapo ni pamba mbegu, bado haijachambuliwa. Ilihitajika kiasi cha ratili 1,500 za pamba hiyo kupata robota moja la ratili 500 za pamba nyuzi.

Lakini ufito huu haukupima pamba peke yake. Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana, alieleza baada ya kukombolewa mwaka 1853 jinsi upimaji wa jioni ulivyowatia watumwa hofu. Kiwango cha kawaida kilikuwa ratili 200 kwa siku, karibu kilo 90. Aliyepungukiwa alichapwa viboko. Aliyezidisha naye hakusalimika, kwani kesho yake angedaiwa kiasi hicho hicho kipya. Northup mwenyewe siku yake ya kwanza alipeleka ratili 95.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, mizani ilibaki pale pale, safari hii ikiamua ujira. Wachumaji walilipwa kwa kila ratili 100. Mwaka 1891 chama cha wakulima weusi kiliitisha mgomo kikidai dola 1 kwa ratili 100. Mgomo ulizimwa, na katika wilaya ya Lee, Arkansas, ulizimwa kwa damu.

Katika hali hiyo, jiwe lilikuwa kitu cha kuangaliwa kwa jicho kali. Jiwe likiongezwa sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake, jiwe hilo hulingana na gunia likisogezwa karibu zaidi na egemeo, na gunia la ratili 100 husomeka takriban 91. Mchumaji amepoteza ratili 9 bila mtu kugusa gunia lake, na kwa macho jiwe ni lilelile. Wachumaji nao walikuwa na mbinu zao: kuwahi alfajiri pamba ikiwa bado na umande, au kutupia vitumba vibichi na kokoto chini ya gunia. Kwa maoni yangu, kokoto hizo si kitu mbele ya jiwe lililochezewa, maana kokoto ziliongeza uzito wao tu, lakini jiwe lilimkata kila mchumaji, kila gunia, siku nzima.

Mwaka 1944, karibu na Clarksdale, Mississippi, shamba la Hopson lilitoa zao la pamba lililopandwa, kuvunwa na kufungwa robota kwa mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu pamba yote ya Marekani ilikuwa ikivunwa hivyo, na ufito ukatundikwa ukutani kama pambo.

Wanaozikusanya mizani hizi leo hukuta mara nyingi ufito uko peke yake, jiwe limepotea au limebadilishwa. Kwa jiwe lisilo lake, alama zote husema uongo. Njia ya kujua ni kutundika kitu ambacho uzito wake unaujua tayari, kisha kutazama jiwe linatulia kwenye alama gani.