Mtoto mmoja haandikwi mara mbili

Magrupu ya familia hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, yana ujumbe usioisha: ndugu walioko Marekani wanaoishi na wenza wao bila ndoa wanaweza wote wawili kumwandika mtoto yuleyule kwenye fomu za kodi, na kila mmoja akapata nafuu yake. Si kweli.

Kule wasiooana hujaza fomu kila mtu yake. Mtoto huandikwa na mzazi mmoja tu kwa mwaka husika, na wazazi wanaoishi naye wanaweza kukubaliana ni yupi. Wakimwandika wote, na mtoto ameishi na wote kwa muda sawa, haki humwangukia mwenye kipato kikubwa. Mwingine hutakiwa kurudisha fedha, pamoja na riba. Hadhi ya mkuu wa kaya, yaani nafasi kwenye fomu ya kodi inayompa nafuu asiye na ndoa anayetunza mtoto, nayo inamtaka mtu awe amelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, kwa hiyo nyumba moja haiwezi kuwa na wawili.

Naelewa mkanganyiko unakotoka. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971 huwadhania wanandoa watu waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo, ingawa dhana hiyo hupingika mahakamani. Marekani hakuna hesabu hiyo ya miaka, japo majimbo machache, kama Texas na Colorado, hutambua ndoa isiyo na cheti.

Maelezo yamo bure kwenye Chapisho namba 501 la mamlaka ya kodi ya huko. Tafadhali, ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze; mtumie nduguyo namba hiyo.