Je, wajua kwa nini farasi mwoga hutulia akipata kazi inayomfaa?

Mfuko wa plastiki unapeperuka kando ya uzio. Farasi mmoja anautegea sikio, kisha anaendelea na safari. Mwenzake anaruka pembeni, anageuka na kutimka kabla mpandaji hajajua kulikoni. Huyu wa pili huitwa mkorofi. Mara nyingi anaonewa.

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu nyuzi 350 kwa mara moja, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kinachotikisika hukiona upesi, ila si kwa uwazi, na kinga yake ya kwanza ni miguu.

Kabla ya kumbadilishia kazi, ondoa maumivu. Daktari wa mifugo akague meno, mgongo, macho na kwato, na achunguze vidonda vya tumbo. Mpandaji akiwa juu, vidole viwili au vitatu vipite kati ya tandiko na kilele cha mabega. Punguza nafaka na umtoe bandani. Anayeshiba nafaka huku amefungiwa kutwa hulipuka kwa urahisi.

Kisha mchunguze anashtukia wapi. Anayeogopa akiwa peke yake lakini akatulia nyuma ya wenzake anafaa safari za kundi. Anayezungushwa uwanja uleule kila siku huanza kutafuta vitisho mwenyewe: mpe ng'ombe wa kuswaga, au viunzi vya kuruka. Ng'ombe anapokata kona, masikio yote mawili humwelekea yeye, na ule mfuko husahaulika. Mwenye pumzi isiyokwisha mfikirie kwa mbio za masafa marefu, ambazo hufika kilomita 160 kwa siku, ila azoeshwe polepole.

Kukokota gari usimjaribishe. Akitimka, gari humfuata likipiga kelele, naye huzidi kukimbia. Wala usimpe anayejifunza kupanda: mikono ikikaza hatamu kwa hofu, farasi huamini kweli kuna hatari.

Kwa kitu kinachomtisha, simama mbali, pale anapokitazama bila kurudi nyuma. Ngoja ainamishe kichwa na kushusha pumzi, ndipo usogee hatua chache. Usimchape, atajifunza kwamba kitu kile kinauma. Mpitishe pande zote mbili, maana kitu kilekile kikionekana kwa upande mwingine huweza kumshtua upya.

Mpe wiki 6 na mpandaji mmoja. Akiwa bado analowa jasho kwa kuwekewa tandiko tu, rudi kwa daktari, kisha mtafutie kazi nyingine.